Sauti ya Marehemu Si Shamba la Bibi

Aprili 2023, wimbo "Heart on My Sleeve" uliiga sauti za Drake na The Weeknd kwa akili bandia. Universal wakaja juu, ukaondolewa. Sawa kabisa. Mwaka mmoja baadaye, Drake huyohuyo akatoa wimbo wenye sauti bandia ya Tupac, aliyeuawa 1996, ili kumchana Kendrick Lamar! Wasimamizi wa mirathi walipotishia kumshtaki, akaufuta. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Mnaniambia ni ubunifu tu? Mwigaji wa baa anatumia koo lake mwenyewe. Huku marehemu anatiwa maneno mdomoni, tena ya ugomvi usiomhusu. Tennessee ilitunga sheria ya kulinda sauti mwaka 2024. Mimi nasema, hata pasipo na sheria, asiyeweza kukataa asiimbishwe.