Sahihi ya Abakiaye Chini

Mtoto akiulizwa ni kazi gani angependa kuifanya katika ndege, hujibu upesi kwamba atakuwa rubani. Mwenzake atasema fundi, na wa tatu atasema mhudumu wa abiria. Ni nadra kumsikia asemaye kwamba angependa kuwa mtu wa chini, aketiye mezani mbele ya ramani, akapima upepo na kuhesabu mafuta, kisha akatia sahihi ndege iondoke. Hata jina la kazi hiyo halijazoeleka masikioni mwetu. Kanuni humwita ofisa wa shughuli za safari za ndege. Wenyewe kazini husema dispacha, nasi tutalitumia jina hilo kwa kuwa ni fupi.

Leo twapenda kusema na vijana waitafutao kazi hiyo, na wazazi walipao karo, na vilevile na wakubwa wenye kuajiri. Neno letu ni hili: thamani yote ya dispacha imo katika haki yake ya kusema kwamba ndege hii haiondoki. Basi kijana achaguaye mahali pa kazi na atazame kwanza kama haki hiyo ipo, ndipo atazame mshahara na sare.

Yafaa ieleweke kwanza kazi yenyewe ni ipi. Chukua safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Kabla abiria hawajaitwa, dispacha amekwisha kusoma taarifa za hali ya hewa ya viwanja vyote viwili na ya njia iliyo kati yao, maana Ziwa Victoria linajulikana kwa radi na dhoruba zake. Amesoma matangazo wanayopewa marubani: taa zipi haziwaki, njia ipi imefungwa ili itengenezwe. Amepima uzito wa abiria na mizigo. Kisha amehesabu mafuta: ya kutembea uwanjani, ya safari yenyewe, ya tahadhari iwapo upepo utageuka, na ya kwenda kiwanja kingine, tuseme Kilimanjaro, iwapo Mwanza hapatulikani. Juu ya hayo yote huweka akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege ya jeti ni ya dakika 30 za kuzunguka angani, wala haifai kamwe kuipangia matumizi. Ndege ikisha kupaa, kazi yake haijakwisha. Huifuata mpaka itue, na hali ikibadilika humpasha rubani habari.

Mtu wa namna hiyo si karani. Rubani huiona mvua iliyo mbele ya macho yake. Dispacha huziona safari zote na viwanja vyote kwa pamoja, wala hana abiria nyuma yake wanaonung'unika kwa kuchelewa. Ndiyo sababu Wamarekani, tangu enzi ya sheria yao ya usafiri wa anga ya mwaka 1938, wamemweka dispacha sawasawa na rubani katika madaraka ya safari. Katika makampuni yao makubwa ya abiria, ndege haiondoki mpaka wawili hao wote watie sahihi, na kila mmoja awe anaamini kwamba safari yaweza kufanywa salama. Mmoja akikataa, basi. Hata ndege ikiwa imo hewani, mmoja wao akiona kwamba haiwezi kufika salama inakokwenda, sheria haimruhusu rubani kuendelea nayo huko, ila pawe hapana njia nyingine iliyo salama zaidi. Tena sheria yao haimwachi dispacha atumikishwe mpaka akili ichoke: zamu yake ya kawaida haipangwi kupita saa 10 mfululizo.

Sasa na tutazame yaliyotokea mahali ambapo sahihi ilikosa uzito. Tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya LaMia, kampuni ndogo ya Bolivia, iliondoka Santa Cruz kwenda Medellín katika Kolombia, imewachukua wachezaji wa mpira wa Chapecoense ya Brazil. Katika karatasi ya safari muda wa kuruka uliandikwa saa 4 na dakika 22. Muda ambao mafuta yangeweza kuishika ndege hewani nao uliandikwa saa 4 na dakika 22. Hapakuwa na akiba hata ya dakika moja. Ofisa mmoja wa kiwanja alieleza baadaye kwamba aliihoji karatasi hiyo. Lakini ndege iliondoka. Karibu na Medellín mafuta yakaisha, injini zikanyamaza, nayo ikaanguka mlimani. Katika watu 77 walikufa 71. Rubani alikuwa mmoja wa wenye mali katika kampuni hiyo. Dispacha aliyeiwasilisha karatasi alikuwa ndani ya ndege, naye alikufa pamoja na wenziwe.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kumfariji aliyefikwa; haifai kuwa ngao ya aliyepanga. Mafuta yasiyotosha ni hesabu mbaya, na hesabu mbaya ina kinga yake, nayo ni mtu mmoja mwenye ujuzi na mwenye ruhusa ya kuikataa. Lakini je, mtumishi atamkatalia vipi rubani ambaye ndiye mwenye kampuni, ikiwa hapana sheria wala chama cha wafanyakazi nyuma yake, na kesho hana mahali pa kula? Hapo ndipo penye shina la jambo.

Kwa hiyo, kijana aendaye kuomba kazi hii asione haya kuuliza. Dispacha wa hapa yuko chini ya nani: chini ya mkuu wa shughuli za ndege, au chini ya wauza tiketi? Akisimamisha safari, nani aweza kuitengua amri yake, na je, huyo atautia mkono wake katika karatasi? Zamu ni ya saa ngapi, na mtu mmoja huangalia ndege ngapi kwa wakati mmoja? Ana njia ya kusema na rubani akiwa hewani? Akijibiwa kwamba mambo hayo hayaandikwi, kwamba hapa sote ni ndugu na twaelewana, basi na aelewe. Undugu ni mzuri, walakini siku ya baraza la uchunguzi hutafutwa karatasi na jina lililo chini yake.

Kuna lango jingine linalowafungia vijana wengi nje, nao hawalijui mpaka karo imekwisha kulipwa. Kanuni za kimataifa zadai kwamba mwombaji wa leseni awe ametimiza miaka 21, awe amemaliza mafunzo yaliyokubaliwa au ana uzoefu uliotajwa, na afaulu mitihani. Juu ya hayo awe ametumika chini ya uangalizi wa dispacha mwenye kazi yake kwa siku za kazi zisizopungua 90, katika miezi 6 iliyotangulia ombi lake. Siku hizo hazifundishwi darasani. Sharti ipatikane kampuni itakayompa kiti pembeni mwa mtu wa kazi. Basi mzazi anayeuza ng'ombe au kukopa ushirika ili mwanawe asome, na aulize chuoni kabla ya kutoa shilingi ya kwanza: mwanangu atazipatia wapi siku zake 90? Chuo chenye mapatano na makampuni kitajibu kwa majina. Kisicho nayo kitajibu kwa maneno mazuri.

Si lazima mtu aende mbali. Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki iliyoko Embakasi, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1954, na kazi hii hufundishwa huko. Wako pia wavutiwao na hati ya Marekani, ambayo mafunzo yake hayapungui saa 200, yaani majuma machache tu, na hutolewa kwa aliyefikisha miaka 23. Hati hiyo ni nzuri. Lakini si ruhusa ya kuishi Marekani wala ya kufanya kazi huko, na mwenye nayo akirudi kwetu hana budi kuipeleka kwa mamlaka ya nchi ikubaliwe kwanza. Hata Mmarekani mwenyewe aghalabu huanza katika makampuni madogo ya mikoani kwa mshahara mdogo, akingojea nafasi katika makubwa. Na akihama kampuni, huenda kukaa mwisho wa orodha ya ukubwa kazini, mwenye zamu za usiku na za sikukuu. Asiyeambiwa hayo ameuziwa nusu ya habari.

Tena majina yasiwapoteze vijana. Katika Uingereza, na katika baadhi ya viwanja vyetu, neno dispacha huitwa pia mtu asimamaye kando ya ndege, akihimiza mizigo, chakula na abiria ili iondoke kwa wakati. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini ni nyingine kabisa, na huenda ikakaa miaka mingi bila kumfikisha mtu kwenye leseni. Tangazo la kazi lisomwe mpaka mwisho: kama halitaji leseni, wala mipango ya safari, wala hesabu ya mafuta, basi kazi inayotangazwa siyo.

Yako makosa mengine, nayo ni ya kuidhania kazi hii chumba cha kungojea urubani. Aingiaye kwa nia hiyo huifanya kwa mkono wa kushoto. Kazi hii yamfaa mwenye subira ya hesabu, asemaye wazi, asiyeyumba akigombezwa. Kanuni za kimataifa hazimdai dispacha cheti cha daktari kama zinavyomdai rubani. Kwa hiyo kijana mwenye kasoro ya macho au ya mguu, ambaye mlango wa urubani umemfungia, hapa hakatazwi. Na kanuni hizo huhesabu miaka 2 ya mtaalamu wa hali ya hewa aliyetumika kwenye shirika la kupeleka ndege, au ya mwongozaji wa ndege, kuwa uzoefu wa kuombea leseni. Twawakumbusha watumishi wa idara hizo kwamba mlango huo uko wazi kwao.

Tumesema mengi na mwombaji. Yaliyobaki ni ya mwajiri na ya serikali. Tangu mwaka 2016 Tanzania imenunua ndege mpya kwa fedha ya wananchi, ndogo na kubwa, za abiria na hata ya mizigo. Ni jambo la kujivunia. Lakini mwezi Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka makampuni yote ya ndege yenye cheti cha Tanzania katika orodha ya yanayokatazwa kuruka katika anga lake, na kati ya kasoro zilizotajwa palikuwa uhaba wa watumishi wenye ujuzi na udhaifu wa usimamizi wa shughuli za urukaji. Yawezekana mtu akachukia, akasema tumeonewa. Chuki haitafundisha mtumishi hata mmoja. Ndege hununuliwa kwa siku moja ya kutia mkataba. Mtu wa kuiruhusu au kuizuia hulelewa kwa miaka.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, kila kampuni yenye chumba cha safari iweke nafasi za wanafunzi wa siku 90, na itangaze idadi yake hadharani, ili zisigawiwe kwa kujuana. Pili, haki ya dispacha ya kusimamisha safari iandikwe katika kitabu cha kazi cha kampuni, pamoja na neno kwamba hatafukuzwa wala kuhamishwa kwa kuitumia kwa nia njema. Tatu, vyama vya wafanyakazi viiingize haki hiyo katika mapatano yao pamoja na saa za zamu, wala visihesabu mishahara peke yake. Watakaosema kwamba haya ni gharama, na waseme pia gharama ya ndege moja.

Mabaharia wetu wa zamani walikuwa na mali ya tajiri chomboni, na tajiri mwenyewe amesimama ufuoni akihimiza. Lakini nahodha alipoona bahari imechafuka hakung'oa nanga, na tajiri mwenye akili hakumgombeza, kwa kuwa mali ilikuwa yake. Kijana wetu anayeitafuta kazi hii na aende, asome, aombe, na aulize maswali yale bila woga. Naye mkubwa atakayeulizwa, asimwone kijana huyo kuwa ni mkaidi. Huyo ndiye wa kumwajiri.