Usimnyang'anye mwanafunzi kibodi

Najua nimepotea, wiki mbili nzima kimya. Sikuwa naumwa, wala bumu halijatoka niseme nilikuwa naponda raha. Nilikuwa napigana na programu yangu mwenyewe, na nusura inipe sapu. Leo nimetulia na nina jambo la kusema, hasa kwa walimu wenzangu.

Mnaonifahamu mnajua nasoma ualimu, hisabati na kompyuta. Kazi yetu ya muhula huu ilikuwa kutengeneza programu ya kusaidia darasani. Mimi nikatengeneza ya kukusanya majibu ya jaribio: seva inakaa kwenye laptopu ya mwalimu, wanafunzi wanajibu kwenye kompyuta za maabara, majibu yanakuja kwa mwalimu papo hapo. Nimeiandika kwa Python. Chumbani kwangu ilifanya kazi safi kabisa, nikajisifu mpaka rafiki yangu wa chumbani akachoka kunisikia.

Wiki moja kabla ya kuwasilisha nikaenda kuijaribu maabara. Kompyuta zote zikatoa ujumbe uleule, kosa namba 10061. Unajua nilifanya nini? Sikuusoma! Niliona Kiingereza kirefu, nikafunga dirisha, nikaanza kuuliza watu. Mmoja akasema zima antivirusi. Mwingine akasema waya mbovu. Wa tatu akasema futa Python uiweke upya. Nikafanya yote, nikakesha mpaka saa tisa usiku, wapi.

Asubuhi, kwa kukata tamaa, ndipo nikausoma. Unasema mashine ya upande wa pili imekataa muunganisho. Imekataa! Kumbe ilifikiwa. Fikiria umekwenda kwa mtu, unabisha hodi. Kukiwa kimya mpaka ukachoka, huenda umekosea nyumba, au kuna mlinzi aliyeagizwa asijibu wageni. Hapo ndipo pa kuangalia anwani, waya na ukuta wa ulinzi. Lakini ukijibiwa kutoka ndani "huyo hayupo", basi nyumba umeipata, shida iko mlangoni. Mara nyingi seva haijawashwa, au namba ya mlango si yenyewe, au kama mimi, seva inasikiliza anwani 127.0.0.1, ambayo kompyuta huitumia kujisemesha yenyewe. Ndiyo maana chumbani ilikubali: laptopu ilikuwa inaongea na laptopu! Nikaweka 0.0.0.0, yaani sikiliza kwenye anwani zote za mashine hii, ikaunganika. Marekebisho ya sekunde kumi, mateso ya usiku mzima.

Basi si likaja la pili. Majibu mafupi yalifika vizuri, marefu yakafika nusu. Nikalaumu mtandao, kumbe nauonea. TCP inahakikisha baiti zinafika kwa mpangilio, lakini haijui ujumbe wako unaishia wapi. Ukimimina ndoo tatu kwenye tangi, anayekinga bombani haoni ndoo tatu, anaona maji. Mimi niliandika recv(1024) mara moja nikadhani nimepata yote. Ile 1024 ni kiwango cha juu, si ahadi. Dawa ni kutanguliza urefu wa ujumbe, au kuweka alama ya mwisho, halafu kuendelea kupokea mpaka utimie.

La tatu: dirisha la mwalimu liliganda kila mwanafunzi alipochelewa kujibu. Kazi ya kusubiri mtandao niliiweka kwenye mkondo uleule unaochora vitufe na kusikiliza mausi. Ni sawa na mwenye duka aende stendi kusubiri mzigo na duka asiache mtu. Kazi ya kusubiri nikaipa mkondo wake, majibu yakawa yanapita kwenye foleni kurudi dirishani, kikaeleweka.

Niliwasilisha, nikapita. Lakini si hicho kilichoniuma.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu. Kuna binti alikuwa anaandika programu ya kujumlisha alama. Akaniita, "Madam, imekataa." Nikamwambia sogea kidogo, nikashika kibodi, ikakubali, darasa likashangilia, nikajiona fundi. Ujumbe ulikuwa unasema wazi, na mstari umetajwa: huwezi kujumlisha namba na maandishi. Siku iliyofuata akaniita kwa kosa lilelile, nikashika kibodi tena. Mara ya tatu hakuniita. Alihamia kudesa kwa jirani yake. Mimi sikumfundisha kurekebisha. Nilimfundisha kwamba kuna watu wenye mkono wa kompyuta, na yeye si mmoja wao.

Nilipokumbuka ule usiku wa maabara nikaona aibu. Nilikuwa yeye kabisa.

Maoni yangu ni haya: kosa ndilo somo. Tukitoa alama kwa programu inayofanya kazi tu, mwanafunzi atajifunza kuficha kosa au kunakili. Mimi ningetoa nusu ya alama kwa daftari la makosa: ujumbe ulisemaje neno kwa neno, unamaanisha nini kwa Kiswahili, nilibadili kitu gani KIMOJA, ikawaje. Kimoja tu! Ukibadili vitatu kwa mpigo ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi. Tarehe 9 Septemba 1947, waliokuwa wakiendesha kompyuta ya Mark II pale Harvard, Marekani, walimkuta nondo ndani ya mashine. Walimbandika kwenye daftari lao la kazi na kuandika. Kama wakubwa wale waliandika, sisi ni nani?

Na suala la lugha tusilifumbie macho. Mtoto amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, leo ujumbe wa kosa unamjia kwa Kiingereza cha kihandisi. Anauona kelele. Si mjinga, hajafundishwa kuusoma.

Najua mtasema vipindi ni vya dakika 40 na kompyuta hazitoshi. Kweli kabisa. Ndiyo maana dakika hizo zisiliwe na mwalimu anayeonyesha ufundi wake. Wengine mtasema siku hizi akili mnemba ipo. Hata mimi naitumia! Usiku ule niliiandikia "mtandao umekataa", ikanipa orodha ndefu ya mambo ya ukuta wa ulinzi. Ningeipa ujumbe wenyewe pengine ningelala mapema, ila sikuwa nao, nilikuwa nimeufunga. Ukienda hospitali ukasema "naumwa" halafu ukanyamaza, daktari akusaidieje?

Mwezi ujao narudi kwenye mazoezi, na nimejiwekea sharti: mikono nyuma. Mwanafunzi akisema "Madam, imekataa", nitamuuliza, "Imekwambiaje?" Asome yeye, kwa sauti, hata akigugumia. Tutatafsiri pamoja, kibodi abaki nayo mwenyewe.

Yule binti sasa yuko kidato cha nne na sijui kama bado anasoma kompyuta. Natamani ningemuuliza swali hilo siku ile ya kwanza.

Haya, nguo zangu zimelowekwa tangu jana. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.