Disko Nalo Lina Wenyewe

Likitajwa disko mbele ya wapenzi wa ushairi, aghalabu huanza kicheko. Mwenye kujiona mjuzi zaidi huongeza hukumu yake: huo ni muziki wa matajiri wa Kizungu, ulioletwa na filamu moja ya Marekani, hauna maneno, hauna maana, na umekufa kwa kuwa ulistahili kufa. Hukumu hiyo husemwa kwa utulivu mkubwa, kana kwamba aliyeitoa amelisoma jalada zima la kesi. Hajasoma hata ukurasa wa mwanzo. Anayoyakariri ni maneno ya mwizi, naye ameyapokea akidhani ni ya mwenye mali.

Kwanza hiyo filamu. Saturday Night Fever ilitoka Desemba 1977, na kijana wake wa suti nyeupe akawa ndiye sura ya disko duniani. Ilitokana na makala ya Nik Cohn, mwandishi kutoka Uingereza, iliyochapwa Juni 1976 katika jarida la New York na kutolewa kama habari ya kweli. Miaka mingi baadaye Cohn alikiri kwamba shujaa wa makala ile hakuwapo. Alimtunga, akamfinyanga kwa mfano wa kijana aliyemjua zamani huko London. Basi sura ambayo ulimwengu uliipokea kuwa ya disko ilikuwa ya kubuni tangu karatasini. Lingekuwa jambo la kuchekesha tu lau wenyewe hawakuwapo. Lakini walikuwapo, wana majina, na mlango wao una namba.

Namba yenyewe ni 647, barabara ya Broadway, mjini New York. Usiku wa tarehe 14 Februari 1970, David Mancuso, kijana wa miaka ishirini na mitano, aliwaalika watu nyumbani kwake, katika ghorofa pana ya jengo la kazi alilolifanya makazi. Baadaye wageni wakapaita the Loft, na jina likaganda. Mancuso alilelewa kwa muda katika nyumba ya watoto huko Utica, na hadi ukubwani alimkumbuka mtawa mmoja aliyekuwa akiwakusanya watoto, akawapambia chumba kwa maputo na kuwawekea santuri. Ukumbi wake ulikuwa chumba kilekile, kimetanuliwa. Maputo yalikuwamo, matunda yalikuwamo, sharubati ilikuwamo, pombe haikuuzwa. Kuingia ni kwa mwaliko na mchango wa mlangoni.

Walioingia ni nani? Ni weusi, ni watu wa asili ya Puerto Rico, ni wanaume waliopenda wanaume wenzao, ni wanawake waliotaka kucheza bila kubughudhiwa. Katika New York ya wakati ule, wanaume wawili wakicheza pamoja hadharani waliweza kujikuta mikononi mwa polisi, na msako wa baa ya Stonewall, uliozusha ghasia za siku kadhaa, ulikuwa haujatimiza miezi minane. Watu hawa hawakujificha kwa sababu giza lina raha. Walijificha kwa kuwa nje palikuwa na rungu.

Wapo watakaokunja uso kwa kutajwa watu hao, wakapendekeza kwamba habari isimuliwe bila wao. Haisimuliki. Mfasiri anayeruka ubeti usiompendeza hatafsiri, anaghushi. Na mwenye kuandika historia ya muziki kwa kuwafuta walioucheza kwanza hana tofauti naye. Msomaji ana hiari ya kuwapenda au kutowapenda. Hana hiari ya kuwapa wengine kazi yao.

Serikali ya mji nayo ilimwandama Mancuso, ikidai hana leseni ya ukumbi wa starehe. Alijitetea kwamba hauzi chakula wala kinywaji kwa umma, na akashinda.

Sasa hao wanaosema disko ni la Wazungu na waelezwe habari ya santuri moja. Mwaka 1972 Kamerun ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango, mpiga saksafoni aliyekuwa akiishi Ufaransa, alipewa kazi ya kutunga wimbo wa mashindano. Akautunga. Upande wa pili wa santuri, ambao kwa kawaida hutiwa chochote kilichopo, akaweka kipande chake kiitwacho Soul Makossa. Santuri hiyo ikavuka bahari bila kampuni kubwa wala tangazo, ikafika katika duka moja la Brooklyn lililouza muziki kwa watu wa visiwa vya Karibi. Mancuso akaiokota hapo, akaipiga kwa wageni wake, nao wakaidai tena na tena. Mtangazaji Frankie Crocker akaitia hewani katika redio ya WBLS. Madukani ikaadimika, hata makundi mbalimbali yakaharakisha kurekodi nakala zao ili yauze kabla ya ile ya asili kupatikana. Atlantic ilipoitoa mwaka 1973, ilipanda hadi nafasi ya 35 katika orodha ya Billboard.

Neno makossa ni la Kiduala, lugha ya watu wa pwani ya Kamerun, nalo ni la ngoma. Kwa hiyo moja ya santuri za kwanza kabisa kuonyesha kwamba ukumbi wa dansi, bila amri ya kampuni, unaweza kuupandisha wimbo hadi redioni na sokoni, iliimbwa kwa lugha ya pwani ya Afrika. Kabla yake, Francis Grasso, mpiga santuri wa ukumbi wa Sanctuary uliokuwa zamani kanisa, alikuwa akiwachezesha watu kwa ngoma za Babatunde Olatunji wa Nigeria, zilizotolewa tangu mwaka 1960. Ugeni uko wapi hapo?

Na yafaa ikumbukwe, ingawa hakuna anayependa kukumbushwa, kwamba Novemba 1969, miezi mitatu tu kabla ya usiku ule wa Broadway, uongozi wa mkoa uliupiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam, kwa hoja za maadili na utamaduni wa taifa. Soul ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa sherehe za Mancuso. Yaani muziki wa watu weusi ulikataliwa mji mmoja kwa kuwa ni wa kigeni, na katika mji mwingine weusi wenyewe wakausikiliza nyuma ya mlango uliofungwa. Pande zote mbili mlinzi wa mlango alisema analinda adabu.

Hoja ya pili, ya maneno, ni ya washairi hasa, na kwa hiyo inaudhi zaidi. Husemwa kuwa wimbo usio na beti za kueleweka si wimbo. Ajabu ni kwamba husemwa Unguja, penye kidumbaki. Nani hajaona harusini fidla na sanduku zikiuunganisha wimbo kwa wimbo pasipo kukatiza, mwendo ukizidi na kina mama wakizidi kuingia uwanjani, na hakuna hata mmoja anayesimama kuuliza tafsiri ya ubeti? Ustadi wa wakati ule hauko katika neno. Uko katika kujua wimbo upi ufuate upi, na lini.

Hilo ndilo lililowashughulisha watu wa disko. Santuri za wakati ule ziliishia dakika tatu, na jasho lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kutoka. Tom Moulton aliona katika kisiwa cha Fire Island jinsi wachezaji walivyoondoka ukumbini kila wimbo ulipokoma, akajifungia na mikanda yake, akatumia saa zipatazo 80 kutengeneza dakika 45 zisizokatika. Kisha siku moja studioni zikakosekana sahani za inchi saba za kukatia nakala ya majaribio, fundi akatumia kubwa zaidi. Mifereji ikapata nafasi ya kutanuka, na sauti ikatoka nzito kuliko ilivyozoeleka. Kwa ajali hiyo ikapatikana santuri ya inchi kumi na mbili. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul iliuza ya kwanza kwa umma, Ten Percent ya Double Exposure, ambayo Walter Gibbons aliinyoosha hadi ikapita dakika tisa. Mtu anayehesabu mizani na vina usiku kucha angepaswa kuwa wa kwanza kuiheshimu kazi hiyo.

Ni kweli kwamba baadaye ilitoka takataka nyingi. Kampuni zilipoona fedha zilitia mdundo katika kila kitu, hata sauti za bata. Lakini tenzi mbaya hazijawahi kuwa hoja dhidi ya utenzi.

Tena haukufa, ulichomwa. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji Steve Dahl alilipua sanduku la santuri mbele ya maelfu. Aliyeleta santuri ya kuangamizwa aliingia kwa senti 98. Umati ukavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Dahl amekanusha daima kwamba ilikuwa chuki ya rangi. Ila Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa na kazi ya kuongoza watazamaji siku hiyo, aliona miongoni mwa zilizoletwa santuri ambazo hazikuwa disko kabisa. Zilikuwa tu za watu weusi. Lawrence baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki wa house, uliokua katika mji huohuo, kwa walewale waliokuwa wakimfuata Frankie Knuckles katika ukumbi wa Warehouse tangu mwaka 1977.

Dibango alifariki Machi 2020 kwa ugonjwa wa korona, nchini Ufaransa. Kiitikio chake kilikuwa kimekwisha kuingia katika wimbo wa Michael Jackson wa mwaka 1982, jambo lililomalizwa kwa mapatano nje ya mahakama, kisha kikaingia katika wa Rihanna wa mwaka 2007. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 75, alikuwa bado anakidai mahakamani Paris.