Ndege ndogo: motere ikimaliza masaa yake, ni nani analipa?

Kwa wakaaji wa Shabunda, Walikale ao Punia, ndege ndogo siyo kitu ya matajiri. Barabara ikikufa, ndege ndiyo inaleta chumvi, sabuni na dawa, na wakati wa kurudi inabeba mgonjwa. Kwa hiyo, motere ya ndege ikifika mwisho wa masaa yake, hesabu ya mwenye ndege inaingia hata jikoni kwa raia.

Motere nyingi za pistoni za Lycoming, kiwanda kinashauri zifanyiwe revizyo kubwa kisha masaa 2000 ya kuruka, ao kisha miaka 12 hata kama masaa hayajatimia. Hiyo miaka wengi wanaisahau. Lakini ndege inayolala nje katika unyevu wa pori, kutu inakula vyuma vya ndani bila hata kuruka.

Mwenye ndege ana njia tatu.

Ya kwanza, kutengeneza motere yake mwenyewe. Karakana yenye kibali inaifungua yote, inapima kila chombo, inabadilisha vilivyochakaa. Uzuri wake: anajua historia ya motere. Ubaya: ndege inalala muda mrefu, na bei ya mwisho haijulikani mpaka motere ifunguliwe. Ufa mmoja katika chuma kikubwa kinachozungusha panga unaweza kuharibu hesabu yote.

Ya pili, kubadilishana: anatoa ya zamani, anapewa iliyokwisha kutengenezwa. Ndege inarudi angani haraka. Lakini sasa anarusha motere ambayo hajui ilipitia wapi, na kama ile aliyotoa imeharibika sana, wanamwongezea bei.

Ya tatu, kununua mpya. Ndiyo bei kali kuliko zote, lakini historia inaanza kwa sifuri. Wengine wanaacha pistoni kabisa juu petroli ya ndege za pistoni ni ya shida kupata. Wanachukua Cessna Caravan, ambayo turbini yake inatumia mafuta ya Jet A-1. Ila hapo ni kununua ndege ingine, siyo motere tu.

Kuna pia njia ya mkato: kubadilisha silinda peke yake, kisha kuendelea. Inasaidia, lakini silinda mpya hazifanyi vyuma vya chini kuwa vipya.

Basi bei ndogo siyo kipimo kizuri. Kipimo ni gharama ya kila saa ya kuruka, siku ambazo ndege italala, na zaidi ya yote kitabu cha motere: nani aliifungua, lini, aliweka vyombo gani, vilitoka wapi. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya unafungia kampuni za ndege za Kongo anga yake, na sababu kubwa ni uangalizi wa serikali kuwa zaifu. Abiria hawezi kufungua motere. Anayeweza kudai kile kitabu mbele ya ndege kuruka ni mamlaka ya anga, AAC. Isipokidai, mwenye ndege atachagua kwa mfuko wake, na wa Shabunda atalipa kwa maisha yake.