Karte ya Bonane tuitengeneze sisi wenyewe



Noeli iko karibu, na katika nyumba ya kulala watu wameanza kuulizana: «Wewe utanunua karte gani?» Sisi wa darasa la tano tuko na neno juu ya mambo haya.

Mwaka uliopita wengi wetu tulinunua karte mujini. Zilikuwa nzuri, hatukatai: nyumba yenye theluji, na miti ambayo kwetu hakuna mtu aliyeiona. Lakini wenzetu watatu hawakuwa na franka. Walituambia ya kwamba wametuma zao, kumbe hawakutuma kitu. Tulijua wakati wa konje ya Pasaka tu, mama ya mmoja alipotuuliza kama mtoto wake alikuwa mgonjwa siku ya Bonane. Neno lile lilituuma. Njo maana tunaandika.

Tunasema hivi: mwaka huu karte zitengenezwe hapa hapa, kwa mfano wa madirisha ya vioo vya rangi. Kamata kartasi nyeusi ngumu, uikunje kama karte. Chora umbo kubwa upande wa mbele, kisha toboa nafasi kwa wembe, ukiacha kati yao mistari myeusi yenye upana wa kalamu. Usiifanye nyembamba, itakatika. Sisi tuliharibu nne namna hiyo. Upande wa ndani bandika kartasi za bonbo, zile zinazopitisha mwanga. Kama hazipo, paka rangi juu ya kartasi nyeupe nyembamba, ingoje ikauke, kisha uipanguse nyuma kwa mafuta kidogo ya karanga. Mafuta yanajaza nafasi za hewa kati ya nyuzi za kartasi, na mwanga unapita. Mafuta ya mawese hapana, yataharibu rangi zote. Ukingo uache bila mafuta, kwani kole haishiki fasi yenye mafuta. Kole ya unga wa muhogo inafaa, lakini usilaze karte chini ya kitanda: mende walitulia malaika muzima.

(Hapa kwenye stensili hatuwezi kuwaonyesha rangi. Mfano umetundikwa kwenye dirisha la darasa letu. Mwende asubuhi, jua likiwa upande ule.)

Wengine wanasema vioo vya namna hii ni mambo ya Wakatoliki. Ndugu, karte si sanamu ya kuabudu, na huko Ulaya makanisa mengi ya Waprotestanti yako na madirisha ya rangi. Tena mujue kitu kimoja. Katika kanisa kubwa la Chartres, Ufaransa, ambalo madirisha yake mengi ni ya karne ya 13, ile mistari myeusi ni risasi inayoshika vipande vya kioo. Na rangi? Mafundi wa vioo walipata bluu kwa kutia kobalti ndani ya kioo kilichoyeyuka, kijani na nyekundu kwa shaba. Kobalti na shaba! Wakati ule hazikutoka kwetu, lakini leo ni nani asiyejua udongo wa Katanga uko na nini? Na sisi tunalipa franka kwa bluu iliyochapishwa mbali.

Wavulana wanaosema ni kazi ya wasichana, waje washike wembe. Tutaona ni mkono wa nani hautatetemeka.

Theluji tuiache. Chora mtumbwi, mugazi, au kinu cha mama yako. Mistari yake ni minene, haisumbui kukata.

Kwa Bwana Prefe tunaomba Siku ya Posho moja tu, mchana, na chumba chenye meza. Kazi ya mikono iko kwenye programu, hatuombi kitu cha ajabu. Na tunaomba mtu asiulizwe kama alikuwa na franka za kununua au hapana: wote watengeneze, hata wale wenye karte ya mujini tayari ndani ya valizi.

Kisanduku cha kartasi za bonbo kiko mlangoni mwa darasa la tano. Zioshe kwanza, mwaka jana sisimizi waliingia.