Beki kuachwa peke yake ni kosa la timu nzima

Kuna gemu la mtandaoni linaitwa Left 4 Dead, lilitoka mwaka 2008. Manusura wanne wanapenya katikati ya mazombi wakitafuta pa kujificha. Ukijifanya staa ukawaacha wenzako nyuma, zombi aitwaye Hunter anakurukia na kukubana chini. Hapo hata uwe na bunduki gani, huchomoki mpaka mwenzako aje akutoe. Wote wanne wakiangushwa, mchezo umeisha.

Sasa njoo kwenye ligi yetu. Winga anapoteza mpira, anashika kiuno. Beki wa pembeni anabaki na watu wawili. Krosi inapigwa, goli! Jukwaa zima linamzomea nani? Beki.

Huo ni uonevu. Aliyeliwa ndiye aliyeachwa. Kocha naye, badala ya kumbana winga, anamtoa beki dakika ya 30, kijana anatoka kainamisha kichwa na mechi ijayo anaogopa hata kupanda.

Mashabiki wenzangu, kabla ya kuzomea tuangalie kwanza wenzake walikuwa wapi. Na wewe winga, mpira ukipotea, rudi ukabe!