Huzuni Si Upungufu wa Imani

Ndugu msomaji, limeenea majumbani mwetu neno ambalo si la dini wala si la hekima. Mtu akifiwa, au akishikwa na wasiwasi unaomnyima usingizi, au akijifungia chumbani siku nyingi, hataki kula wala kusema na watu, huambiwa: "Wewe imani yako ni ndogo." Asiyeambiwa hivyo huambiwa ana pepo, akatafutiwa mganga na pesa zikatoka. Na ukisema apelekwe kwa mwenye elimu ya nafsi, hujibiwa: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Sisi twasema maneno yote matatu ni makosa, na hizi ndizo hoja zetu.

Ama hilo la imani, Qur'ani yatwambia kuwa Nabii Yaaqub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Na mwaka aliofiwa na Bibi Khadija na Abu Talib, wanavyuoni wameuita Mwaka wa Huzuni. Je, nani atathubutu kusema imani yao ilikuwa ndogo? Tena Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamrisha wafiwa wapikiwe talbina, nayo ni uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema kwamba huutuliza moyo na kupunguza huzuni. Tazama basi! Mfiwa aliletewa uji. Sisi twampelekea lawama.

Ama hilo la pepo, majini wapo, na asiyewakubali amekanusha Qur'ani. Lakini si kila anayelia ana jini. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Kwa nini basi tuitafute dawa ya tumbo hospitalini na ya moyo tuitafute kwenye ngoma?

Ama hilo la Wazungu, ni kutojua mali yetu wenyewe. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na mwaka 850 katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, akafa mwaka 934, aliandika kitabu cha maslaha ya miili na nafsi. Humo ameeleza hasira, khofu, huzuni na wasiwasi. Huzuni ameigawa mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na isiyojulikana sababu yake, ambayo ameinasibisha na hali ya mwili, basi na mwili nao utibiwe. Akausia mtu ajiwekee fikra njema wakati wa uzima, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua. Daktari Aaron Beck wa Marekani alipoanza kutibu huzuni kwa kuzisahihisha fikra, katika miaka ya 1960, al-Balkhi alikuwa kaburini zaidi ya miaka elfu.

Na washairi wetu je? Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ausemesha moyo wake mwenyewe, auuliza, aukanya, auonyesha majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na maradhi yake hakuyaficha. Tungo hizi twazisoma kwa sauti nzuri, tukaliacha funzo lake: kwamba lililomo moyoni hutafutiwa maneno likasemwa.

Enyi wazazi, wako walionyamazishwa hivi mpaka wakajidhuru, nasi tukaenda matangani tukasema ni kadari. Kadari ni kweli, lakini hata kutafuta dawa ni kadari. Basi mwenye huzuni mketini naye, msikilizeni, mpikieni, muombeeni, na ikizidi mpelekeni kwa tabibu. Na ulimi usioweza kuliwaza, bora unyamaze.

Wabillahi tawfiq.